Uzi maalumu: Kusoma nadharia ya kompyuta ngazi ya uzamili na PhD. Njooni tuambiane ukweli

bintiwakorogwe

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki napata ujumbe wa faraghani wa aina moja: "Nimemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, napenda upande wa nadharia, nataka kuendelea mbele, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na ni ndefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Nipo mwaka wa nne wa PhD, chuo kimoja Canada, naomba msiniulize kipi. Tawi langu ni ugumu wa mahesabu. Huku hatuulizi "nitaandikaje programu ya kufanya kitu hiki." Tunauliza: je, ipo programu yoyote, iliyokwisha kuandikwa au itakayoandikwa na wajukuu zetu, inayoweza kukifanya haraka? Ukikaa na hayo maswali mawili ukaona ni kitu kimoja, uzi huu si wako. Ukiona la pili linakukosesha usingizi, karibu.

Mama aliponiuliza nasomea nini nilimpa mfano wa harusi. Una wageni, na unajua nani hapatani na nani. Shangazi hasemi na wifi, baba mdogo anamdai jirani, hao wawili waligombania shamba. Una meza mbili kubwa. Unataka wasiopatana wasikae meza moja. Inawezekana? Hilo ni jepesi. Wageni wawe hata elfu kumi, kompyuta ya kawaida inakujibu kabla hujakaa sawasawa. Sasa ongeza meza moja tu, ziwe tatu. Hapo hakuna binadamu anayejua njia ya haraka inayofaa kwa kila orodha ya wageni. Na hakuna aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo.

Mama akasema, "Kwa hiyo miaka yote hiyo mmeshindwa na meza ya tatu?"

Ndiyo, mama. Hasa hasa hiyo.

Ukitaka kujaribu kila mpangilio, wageni 40 kwenye meza 3 wana mipangilio 12,157,665,459,056,928,801. Kompyuta inayokagua mipangilio bilioni moja kwa sekunde itamaliza baada ya miaka 385 hivi. Bibi harusi atakuwa hayupo.

Meza tatu zina ndugu wengi. Ratiba ya mitihani ambayo mwanafunzi mmoja asiwe na mitihani miwili saa moja ni ndugu yake. Njia fupi kabisa ya kupita miji yote na kurudi nyumbani ni ndugu yake. Mwaka 1971 Stephen Cook alionyesha tatizo moja la mantiki linalobeba matatizo yote ya namna hii mgongoni. Leonid Levin, katika Umoja wa Kisovieti, alifika huko kivyake na kuchapisha mwaka 1973. Katikati yao, 1972, Richard Karp akatoa orodha ya matatizo 21 ambayo ukiweza moja haraka umeyaweza yote, na la kugawa watu kwenye meza, kwa idadi yoyote ya meza, limo. Swali la kama yanawezekana haraka au la ndilo mnalolisikia kwa jina la P na NP, na tangu mwaka 2000 Taasisi ya Clay imeliwekea dola milioni moja. Pesa ipo palepale. (Cook mwenyewe Berkeley walimnyima ajira ya kudumu mwaka 1970, akahamia Toronto, mwaka uliofuata akatoa makala ile. Wenye kunyimwa vitu mjifariji.)

Sasa kilichonipeleka kuandika huu uzi.

Nyumbani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa na desa la kila somo, mitihani iliyopita naijua kwa rangi ya karatasi. Supu, yaani kurudia mtihani, sijawahi kuionja. Nikafika huku, asaimenti ya kwanza ya somo la ugumu wa mahesabu nikapata 4 kati ya 20. Nilijua majibu yote matano! Yalikuwa sahihi yote! Nikaenda kwa mwalimu msaidizi nimevimba. Akanionyesha mstari mmoja niliouandika: "Ni dhahiri kwamba..." Pembeni kwa kalamu nyekundu alikuwa ameandika: *Dhahiri kwa nani?*

Wakuu, hapo ndipo penye shida yetu. Akili tunazo, na hisabati si mbaya, kidato cha sita cha hesabu tumekipita kwa jasho. Ila katika miaka yangu yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kuchukua hoja yangu akaichana mbele yangu mstari kwa mstari. Tulipewa kanuni, tukaingiza namba, tukapata jibu, tukapigiwa tiki. Ukifika ngazi hii, jibu karibu kila mtu analo. Linalotafutwa ni sababu isiyo na tundu. Kujenga sababu isiyo na tundu ni ufundi wa mikono kama useremala, na huwezi kuujua kwa kumtazama seremala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hautaji kitabu wala chuo. Tafuta mtu akuchane. Mwalimu, mwenzako, hata mimi.

Na tuanze leo. Zoezi: thibitisha kwamba wageni wanaweza kugawanywa meza mbili endapo, na endapo tu, hakuna mzunguko wa ugomvi wenye idadi witiri ya watu. Mzunguko wa ugomvi ni kama huu: Asha hapatani na Bahati, Bahati hapatani na Chausiku, Chausiku hapatani na Asha. Hao ni watatu, witiri. Andikeni hapa hapa, tutachana kwa upendo.

Nitarudi na mambo ya ufadhili na masomo ya kujiandaa.

Kipepeo88

Naweka kambi hapa. Nyie endeleeni, mie nasoma tu.

fundi_redio

Mkuu, nikuulize bila nongwa. Miaka minne hujamaliza, na unakiri mmeshindwa na meza ya tatu. Mdogo wangu kajifunza kutengeneza programu za simu kwa miezi minane, sasa hivi analipwa kila mwezi. Hiyo nadharia inaleta ugali?

Hisabati_Chungu

Kabla ya ugali, marekebisho. Meza hazina majina. Ukihamisha watu wote wa meza A kwenda B na wa B kwenda A, harusi ni ile ile. Meza tatu zinabadilishana kwa namna 6. Kwa hiyo gawa miaka yako 385 kwa 6, unapata 64 hivi. Bibi harusi anaweza kuwepo, ila mzee.

bintiwakorogwe

Hisabati_Chungu, umenikamata, asante. Tena wewe ndiye wa kusomea hii kitu. Nami nikuongezee chumvi: hata hiyo 64 ni ya mtu mvivu anayejaribu kila kitu. Mwaka 2005 Richard Beigel na David Eppstein walichapisha algorithimu (utaratibu wa hatua kwa hatua) ya meza tatu ambayo hatua zake zinakua kama 1.3289 kwa kipeo cha idadi ya wageni, badala ya 3. Kwa wageni 40 hiyo ni kama hatua 87,000 ukiacha vikorombwezo. Kompyuta inamaliza kabla hujapepesa jicho. Harusi imeokoka.

Lakini harusi za kwetu zina watu 40? Weka 400. Namba inaruka hadi kuwa na tarakimu 50. Hakuna mashine. Nusu ya kazi ya watu wa fani yangu ni hiyo, kuteremsha ile 3 ifike 1.3 na kushangilia. Nusu nyingine ni kujaribu kuonyesha kwamba huwezi kuteremka chini ya hapo. Nusu ya pili ndiyo inayolaza watu macho.

fundi_redio, swali lako ni la haki, halina nongwa. Kama unahitaji kipato ndani ya mwaka mmoja, fuata njia ya mdogo wako, na mimi nitakuombea. Sitamdanganya mtu hapa kwamba nadharia inalipa haraka. Ila utanishangaza ukiniambia haina kazi. Hilo kufuli lililozoeleka kuonekana kando ya anwani ya tovuti ya benki yako, kwa miaka mingi limesimama juu ya jambo moja: kuzidisha namba mbili kubwa ni rahisi, kuzirudisha zilivyokuwa ni kugumu. Rivest, Shamir na Adleman walilitumia hilo mwaka 1977. Sasa sikiliza: hakuna aliyethibitisha kwamba ni kugumu. Tunaamini tu, kwa sababu wenye akili wengi wamejaribu wakashindwa. Mwaka 1994 Peter Shor akaonyesha kuwa kompyuta za kwantamu zikijengwa kubwa za kutosha, kufuli hilo linafunguka. Ndiyo maana mwaka 2024 Wamarekani walitoa viwango vipya vya ufichaji wa taarifa visivyotegemea ugumu huo wa kurudisha namba zilivyokuwa. Shor hakuwa na kompyuta ya kwantamu mezani. Alikuwa na kalamu. Miaka 30 baadaye mabenki yanabadilisha kufuli.

fundi_redio

Hapo umeongea. Bado sijaona ugali, ila nimeona moto jikoni.

dogo_wa_kahama

Kaka mkuu, shikamoo. Mimi mwaka wa pili chuo. Nimejaribu zoezi:

Namchukua mgeni mmoja, namweka meza ya kwanza. Wote wasiopatana naye nawaweka meza ya pili. Wote wasiopatana na hao nawaweka meza ya kwanza. Naendelea hivyo hadi watu waishe. Nikikuta wawili wasiopatana wako meza moja, basi ni dhahiri kuna mzunguko wa watu witiri. Kwisha.

Kipepeo88

Dogo, jina linasema *binti*. Kaka kivipi?

bintiwakorogwe

Marahaba, mdogo wangu. Dada, si kaka, lakini wala usijali, huku kwenye mikutano yetu pia wananiuliza kama nimekuja kuleta kahawa.

Umefanya jambo ambalo wasomaji 99 wa uzi huu hawakulifanya: umeandika. Wazo lako ni sahihi kabisa. Sasa kisu.

"Hadi watu waishe." Wataisha? Kuna mgeni anayepatana na kila mtu, huyo hutamfikia kamwe kwa kufuata ugomvi. Na kuna ukoo wa upande wa bwana harusi wenye ugomvi wao wenyewe, ambao hawajawahi hata kukutana na wa kwako. Wamebaki wamesimama mlangoni.

Tena nilisema endapo *na endapo tu*. Hiyo ni kazi mbili. Umefanya moja. Nionyeshe pia kwamba mzunguko witiri ukiwepo, meza mbili haziwezekani.

Halafu hiyo "ni dhahiri." Dhahiri kwa nani?

Rudi tena.

mwl_asiyestaafu

Nimefundisha somo la otomata (mashine za kufikirika) na nadharia ya ukokotozi kwa miaka mingi hapa nyumbani, niseme neno. Binti anasema kweli, na lawama sehemu ni zetu. Lakini mjue mazingira. Darasa lina watu mia tatu, mimi mmoja, msaidizi nusu. Uthibitisho wa ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi ni kurasa mia tatu, na kila moja imekosewa kwa namna yake. Mchoro wa mashine yenye hali tano nasahihisha kwa sekunde ishirini. Unadhani kwenye mtihani nitaweka kipi? Matokeo yake vijana wanatoka wakijua kuchora mashine, na hawajui kwa nini ipo lugha, yaani kundi la maneno, ambayo hakuna mashine ya namna hiyo inayoitambua.

Nilichofanya miaka ya karibuni, na kimesaidia: kila Ijumaa saa kumi jioni nakaa na wanaotaka, kwa hiari, bila alama. Mmoja anapanda ubaoni anathibitisha kitu, wengine wanamzuia. Walianza 25. Wiki ya tatu walibaki 6. Hao 6 nisingewabadilisha na mia tatu.

bintiwakorogwe

Mwalimu, shikamoo. Laiti ningekuwa mmoja wa hao sita.

Niendelee na masomo ya kujiandaa, maana wengi wanauliza lugha ipi ya programu waijue. Yoyote. Haijalishi. Katika miaka minne nimeandika programu mara chache mno, ingawa moja iliniokoa, nitawaeleza.

Kinachohitajika kwanza ni uwezekano, yaani hesabu za bahati. Nusu ya algorithimu tunazosoma zinarusha sarafu ndani yake, na unatakiwa kuonyesha kwamba nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko nafasi ya kupigwa na radi mara kadhaa. Bila hilo utazama wiki ya tatu. Kisha aljebra ya matriki, yaani majedwali ya namba, na si ile ya kuzidisha matriki 3 kwa 3 kwa mkono. Hapa utaambiwa kwamba namba fulani ya siri ndani ya matriki ya ugomvi inakueleza jinsi grafu nzima (nukta na mistari inayoziunganisha, kama wageni na ugomvi wao) ilivyoshikamana, na kichwa kitauma, kisha siku moja utaliona na utacheka peke yako ndani ya basi. Kombinatoriki, yaani hesabu za mipangilio, utaiokota njiani. Mantiki pia.

Vitabu: Sipser kwa kuanzia, kisha Arora na Barak cha mwaka 2009 ukishakomaa. Cha pili ukikianza mapema kitakufanya udhani wewe ni mjinga, na si kweli.

Sasa ile programu iliyoniokoa. Mwaka wa pili nilikuwa na dai moja kuhusu grafu, zuri mno, ningelithibitisha ningekuwa na sura nzima ya tasnifu. Miezi minane nalikimbiza. Kila nikikaribia linanichomoka kama kambale. Msimamizi wangu akaniuliza, "Umejaribu kwa grafu ndogo?" Nikasema ndiyo, nimechora kama ishirini. Akanyamaza tu. Usiku ule nikaandika programu ya mistari arobaini ikague grafu zote za nodi (nukta) chache. Za nodi 7, ukihesabu zinazofanana kama moja, ni 1,044 tu. Ikamaliza papo hapo. Grafu moja kati ya hizo ilikuwa inalikanusha dai langu, imekaa pale kimya inaningoja tangu mwanzo. Miezi minane. Nililia, nikala, nikalala siku mbili. Baadaye ile grafu ndiyo iliyonionyesha dai sahihi linapaswa kuwa lipi, lakini tusipambe, ilikuwa ni maumivu.

Hisabati_Chungu

Hiyo ya 1,044 inauma. Ningeacha shule.

Njoro_254

Niaje wakuu, salamu kutoka Nairobi. Dada, mimi naona karibu kila mtu aliyegundua kitu kwa hii fani ni wa vyuo vikubwa vya Marekani. Sisi huku tunaweza kweli? Na pesa je? Karo ya huko sitaki hata kuisikia.

bintiwakorogwe

Njoro, la kwanza. Swali la kama namba fulani ni tasa au si tasa lilikuwa limekosa algorithimu ya haraka iliyo na uhakika kamili, isiyorusha sarafu wala kuegemea dhana, kwa miaka na miaka. Mwaka 2002 waliolipata ni Manindra Agrawal na vijana wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza digrii ya kwanza. Wapi? Kanpur, India. Mwaka 1987 Róbert Szelepcsényi alikuwa mwanafunzi Bratislava alipothibitisha jambo ambalo Neil Immerman wa Marekani alilithibitisha kivyake wakati huo huo, na wakubwa wengi walikuwa wanaamini kinyume chake. Kalamu haiulizi pasipoti. Ubalozi ndio unaouliza, na hilo ni andiko jingine.

La pesa. Marekani unaweza kuomba PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza, na kwa fani yetu PhD ya kweli inakulipa wewe: karo inafutwa, unapewa posho, unafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukiona unaombwa ulipie PhD ya nadharia kwa mfuko wako, kimbia. Canada kwa kawaida unaanza na uzamili wa utafiti, nao mara nyingi unalipwa. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo ya maana, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vipo vingine vimeanza kutoza, kwa hiyo soma masharti ya chuo chenyewe. Karibu na nyumbani kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, wana kituo Kigali, uzamili wa sayansi za hisabati wenye ufadhili. Kwa mtu mwenye digrii ya kompyuta na hisabati ya kuungaunga, mwaka mmoja wa namna hiyo unajaza mashimo kuliko kurukia PhD kichwa kichwa.

Ada ya kutuma maombi Marekani kwa baadhi ya vyuo inapita dola 100 kwa chuo kimoja. Vingi vinasamehe ukiomba. Omba! Watu wanaona aibu kuandika barua pepe ya mistari mitatu, wanauza simu. Na maombi mengi yanafungwa Desemba, kwa hiyo barua za walimu uzitafute kuanzia Septemba, si wiki ya mwisho mwalimu yuko msibani.

Barua hizo ndizo zinazobeba uzito, kuliko GPA. Barua inayosema "alikuwa wa tatu darasani" haisemi kitu. Barua inayosema "alikuja ofisini na dai, nikampa tundu, akaondoka, akarudi ameliziba" inafungua mlango. Mnaona kwa nini nimempenda yule mwalimu wa Ijumaa?

Kipepeo88

Nami niulize moja. Haya mambo unayawaza kwa Kiswahili au Kizungu?

bintiwakorogwe

Swali zuri. Ubaoni Kizungu. Nikikwama, Kiswahili, tena cha Korogwe.

Kuna neno moja limenisumbua sana. Kazi yetu kubwa ni kuonyesha kwamba tatizo moja si jepesi kuliko lingine, kwa kugeuza hilo lingine livae nguo za lile la kwanza. Neno lao la Kiingereza, *reduction*, linafanana na *kupunguza*, na wanafunzi wa kwetu wanapotea hapo, maana hakuna kinachopungua. Nilipowaza kama *kumtwisha mwenzako mzigo* nikaelewa kwa dakika moja. Nakutwisha ratiba yangu ya mitihani uifanye kuwa harusi yako. Ukiweza harusi, umeniwezea ratiba. Kwa hiyo kama ratiba inajulikana kuwa ngumu, pole, harusi yako nayo ni ngumu. Mzigo umesafiri, haujapungua hata kilo.

Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kutwisha kinyume: anabeba tatizo lake jipya anamtwisha lile gumu, halafu anatangaza kuwa lake ni gumu. Hapana. Kumpelekea mtu mwenye lori mfuko wa chumvi hakuonyeshi kwamba chumvi ni nzito. Mimi nimelifanya hilo kosa kwenye mtihani wa kufuzu, mbele ya maprofesa watatu.

dogo_wa_kahama

Dada nimerudi.

Moja: waliobaki mlangoni, namchukua mmoja wao, naanza upya naye kama mgeni wa kwanza wa kundi lake. Makundi hayagusani kwa ugomvi kwa hiyo hayaharibiani.

Mbili: mzunguko witiri ukiwepo, nazunguka nao: wa kwanza meza A, wa pili lazima B, wa tatu A, mwenye namba witiri yuko A siku zote. Wa mwisho ni witiri, yuko A, na hapatani na wa kwanza aliyeko A. Haiwezekani.

Tatu: X na Y hawapatani na wako meza moja. Njia kutoka mgeni wa kwanza hadi X na njia hadi Y zote ni shufwa au zote ni witiri. Nikizijumlisha napata shufwa. Naongeza ugomvi wa X na Y, napata witiri. Huo ndio mzunguko.

bintiwakorogwe

Moja na mbili zimesimama. Sizigusi.

Tatu: hizo njia mbili zikipita kwa mtu yule yule je? Tuseme zote zinaanza mgeni wa kwanza, kisha shangazi, kisha ndipo zinaachana. Kwenye mzunguko mtu hahesabiwi mara mbili. Chora picha kabla ya kuandika.

Na wenzake msimsaidie. Hisabati_Chungu, nakuona.

Hisabati_Chungu

Nimefunga mdomo.

fundi_redio

Mimi nimechora. Sijui nachora nini lakini nimechora.

mwl_asiyestaafu

Wakati tunamsubiri kijana, nimkumbushe kuwa tundu si aibu. László Babai, mtu mkubwa kabisa wa fani hii, mwaka 2015 alitangaza algorithimu mpya ya kujua kama grafu mbili ni moja iliyovaa nguo tofauti. Dunia ikasimama. Januari 2017, baada ya Harald Helfgott kuona kosa, Babai mwenyewe akatangaza hadharani kwamba dai lake halisimami. Siku chache baadaye akaziba. Kosa lilionekana kwa sababu kuna mtu alikaa akasoma kila mstari wa makala ndefu kama ile.

dogo_wa_kahama

Dada, nimekaa nayo tangu jana usiku.

Kila mgeni nampa namba ya awamu: wa kwanza 0, waliofuata 1, na kuendelea. Kila mtu namwandikia aliyemleta, yaani mmoja wa awamu iliyotangulia asiyepatana naye. Awamu shufwa ni meza A, witiri meza B. X na Y wako meza moja, kwa hiyo awamu zao zote ni shufwa au zote witiri.

Natoka X narudi nyuma kwa aliyemleta, na aliyemleta huyo, hadi 0. Vivyo hivyo kutoka Y. Zikikutana kwa mtu, kuanzia hapo ni njia moja, kwa sababu kila mtu ana mmoja tu aliyemleta. Namwita Z mtu wa kwanza zinapokutana. Nakata kila kilicho baada ya Z. Kutoka X hadi Z ni awamu ya X toa awamu ya Z. Kutoka Y hadi Z ni awamu ya Y toa awamu ya Z. Zote shufwa au zote witiri, kwa hiyo jumla ni shufwa. Naongeza ugomvi wa X na Y: witiri. Na hakuna mtu anayejirudia, kwa sababu kabla ya Z hazikukutana.

bintiwakorogwe

Nimeisoma mara tatu. Nilidhani nitakukamata pale Z akiwa ni X mwenyewe, nikaifuata, haivunjiki.

Sina cha kuchana, mdogo wangu. Hii ningeipa 20.

Nifungulie ujumbe wa faraghani, nakutumia la pili. Na mwalimu, kijana huyu kama yuko jirani na wewe, Ijumaa saa kumi ana kiti.

fundi_redio

Hongera dogo. Sasa hiyo ya meza tatu?

dogo_wa_kahama

Bado.